Maji Aliyoyamwaga Mama Zamu

Ua ulikuwa mmoja, bomba moja, wapangaji tele. Maji yalitoka asubuhi tu. Bomba lilikohoa kwanza, likatema kutu, kisha likashusha maji membamba kama uzi. Kabla halijakohoa, ndoo zilikuwa zimeshajipanga ukutani: nyekundu, za bluu, zenye mifuniko, na zile zilizofungwa kamba baada ya mikono yake kukatika. Hapo uani, ndoo ilikuwa mtu. Ukiiweka ndoo yako, umesimama wewe.

Kando ya bomba, juu ya kigoda, aliketi mke wa kinyozi. Walimwita Mama Zamu.

Kabla yake, watu waligombea maji kwa viwiko. Wenye misuli walijaza mapipa. Wajawazito walirudi vyumbani na ndoo tupu. Siku moja Mama Zamu alichoka. Akaleta kigoda, akaketi, akasema, "Kuanzia leo, zamu kwa zamu. Atakayekatiza foleni, maji yake namwaga."

Na alimwaga kweli. Aliyamwaga ya seremala, jitu la miraba minne. Aliyamwaga hata ya mama mkwe wake. Watu walicheka, wakatii. Ugomvi ukaisha, na Mama Zamu akawa anatembea kifua mbele.

"Mama Zamu," seremala alimtania asubuhi moja, "hata siku ya kiama utapanga foleni?"

"Nitaipanga. Na wewe utakuwa wa mwisho."

Foleni nzima iliangua kicheko. Kicheko hakijaisha, mlango wa fundi cherehani ukafunguka kwa kishindo. Fundi cherehani alikuwa mama wa binti mmoja aliyeitwa Chiriku, kwa kuwa alizungumza kutwa nzima bila kuchoka. Mama yake alitoka mbio, hana kanga wala viatu, beseni mkononi. Alisukuma ndoo iliyokuwa chini ya bomba, akatega beseni lake.

"Mtoto kaungua! Birika limemmwagikia!"

Mama Zamu alilitazama beseni likijaa. Juzi tu mwanamke mmoja alikuja hivyohivyo, akilia kwamba mgonjwa wake amezimia. Kumbe alikuwa anafua mapazia. Mama Zamu alichekwa siku nzima. Leo hakutaka kuchekwa.

"Wote tuna watoto," alisema. Akalishika beseni ukingoni, akalipindua.

Maji yalitambaa sakafuni, yakaingia mfereji wa maji machafu. Mtu mmoja alicheka.  Mama Chiriku alilitazama beseni, akamtazama Mama Zamu, kisha akageuka na kukimbilia barabarani.

Ndipo kilio cha mtoto kikasikika kutoka chumbani. Hakuna aliyecheka tena, lakini hakuna aliyethubutu kuchota mbele ya Mama Zamu.

Mama Chiriku aliyatafuta maji ng'ambo ya barabara, katika kibanda cha kinyozi. Yalikuwa maji ya kunyolea, jagi moja tu. Kinyozi aliliona povu ndani yake, akalimwaga, akatafuta mengine, akakosa. Mwishowe walirudi naye, wakamfunga mtoto kitambaa chenye unyevu, wakampeleka zahanati.

Mama Zamu aliwafuata. Alisimama mlangoni mwa zahanati, mikono imemning'inia kama si yake.

"Mlimwagia maji?" muuguzi aliuliza.

"Hapana," alijibu Mama Chiriku. "Tuliyakosa. Kitambaa chenye unyevu tu."

Muuguzi alitikisa kichwa. "Mtu akiungua, mkono uwekwe kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka, papo hapo. Dakika ishirini. Si dawa ya meno, si mafuta, wala barafu. Ni maji. Moto huendelea kula nyama hata birika likishaondolewa. Mngeyapata mapema, huenda usingeingia ndani hivi."

Alisema hivyo kwa upole, hakujua anamwambia nani.

Mkono wa kulia wa Chiriku ulipona, lakini vidole viwili havikujikunja tena. Na kwa muda mrefu, Chiriku hakuzungumza.

Mama Zamu alikiondoa kigoda. Siku iliyofuata watu walirudi kwenye viwiko vyao. Mapipa yakarudi. Mama mkwe wake alisukumwa, akaanguka na ndoo yake.

"Rudi bombani," kinyozi alimsihi mkewe. "Wewe ulifuata sheria tu."

"Hilo ndilo linaloniuma, mume wangu. Niliifuata."

Chumba cha mwisho uani alipanga dada mmoja aliyefanya kazi katika ofisi ya msaada wa kisheria. Watu walimwita Wakili, naye kila mara alijibu, "Mimi si wakili, jamani, ni msaidizi tu." Mama Zamu alimkuta akipiga pasi.

"Mdogo wangu, nieleze. Sheria ni kitu gani? Mimi niliisimamia, na ona nilichofanya."

Wakili aliiweka pasi pembeni. "Dada, swali hilo nitalijibu mbele ya wote. Lakini kuna mlango mmoja unatakiwa kuubisha kabla ya kuja kwangu."

Mama Zamu aliujua mlango huo. Alikuwa akiupita kila siku ameinamisha uso. Siku hiyo aliubisha. Cherehani ilinyamaza.

"Mwenzangu," alisema, "nilikosa. Sina cha kujitetea. Mtoto aliungua, nami nikalinda ndoo."

Mama Chiriku hakuinuka. "Nimekusikia," alisema. "Kusamehe, bado sijafika huko." Akaikanyaga pedali ya cherehani, ikaanza kulia tena.

Jumapili alasiri wapangaji walikutana uani. Kila mtu alikuja na kiti chake, na maneno yake.

Seremala alianza. "Sheria ni neno la mkubwa. Mwenye nyumba akisema, imekwisha. Huyu mke wa kinyozi, nani alimpa madaraka?"

"Wapo wasomi waliosema karibu hivyo," Wakili alimjibu. "Kwamba sheria ni amri ya mwenye mamlaka, na ukiikaidi unaadhibiwa. Lakini kaka, mbwa wa nyumba ya kona naye anatukataza kupita, na ukipita anakuadhibu. Ile nayo ni sheria?"

"Mimi huwa naitii!" kinyozi alidakia, watu wakacheka.

Mama mkwe akanyoosha kidole. "Sheria ni mazoea. Tulichokizoea sote ndicho sheria. Hayo mengine ni makaratasi."

"Na hilo lina wasomi wake, mama. Sheria nyingi zilizaliwa na mila. Watu walitenda, wakazoea, mwisho wakaona ni lazima. Lakini mazoea ya ua huu yalikuwa nini kabla ya foleni?"

Mama mkwe alifikiri. "Viwiko," alikiri.

Mama Chiriku alikuwa amesimama mlangoni mwake. Hakuleta kiti. Alisema kwa sauti ndogo, lakini kila mtu aliisikia. "Sheria inayomwaga maji ya mtoto anayeungua si sheria."

 Bomba lilidondosha tone, likaacha.

"Hilo limebishaniwa karne na karne," Wakili alisema taratibu. "Wapo wanaosema kama wewe: pasipo haki hapana sheria. Wengine wanasema ni sheria, ila ni mbaya, na tuiite mbaya hadharani ili tuibadilishe."

"Wewe unashika upande gani?" seremala aliuliza.

"Waliobishana kunizidi bado hawajamaliza. Nyote mmeshika kipande. Sheria inahitaji mamlaka, inahitaji watu wanaoikubali, na inahitaji haki. Lakini liko jambo moja ambalo nchi nyingi zimejifunza. Mtu akivunja kanuni ili kuokoa uhai, husikilizwa kwanza ndipo ahukumiwe. Kanuni yenu ya bomba ilikuwa na mikono ya kumwaga. Masikio haikuwa nayo."

Mama Zamu alisimama.  "Mimi niliitunga. Mimi niliilinda. Mimi nilihukumu, na mkono uliomwaga ni huu. Kila kitu kilikuwa mimi. Hapakuwa na mtu wa kuniambia, ngoja. Siitaki tena sheria ya namna ile. Lakini viwiko navyo sivitaki."

Basi wakakaa, wakatunga upya. Safari hii walitunga wote, kwa kubishana mpaka jua likapungua makali. Zamu ilibaki. Lakini penye hatari, iwe mtu kaungua, mgonjwa au moto, maji hutolewa kwanza na maswali huulizwa baadaye. Mtu akionekana kadanganya, wataitwa watu watatu waliochaguliwa na ua mzima, naye ajieleze mbele yao. Kulinda bomba kutakuwa kwa kupokezana. Na kumwaga maji ya mtu kulikomeshwa kabisa.

"Nina jambo la kuongeza," alisema Mama Zamu. Aliingia chumbani, akatoka na ndoo yake mpya yenye mfuniko. Akaiweka kando ya bomba. "Hii isikae tupu. Ni ya dharura. Kuijaza ni kazi yangu."

Mama Chiriku aliitazama ndoo ile kwa muda. Kisha akaingia ndani, akarudi na kiti.

Miezi ikapita. Asubuhi moja seremala alimwagikiwa na gundi ya moto mkononi. Alikuja akinguruma kama gari bovu. Foleni ilifunguka kabla hajasema neno. Ndoo ya dharura ikafunuliwa, kisha mkono ukawekwa chini ya bomba, maji yakamwagika bure, dakika zote ishirini, na hakuna aliyenung'unika.

"Leo umekuwa wa kwanza," mtu alimtania. "Kiama bado."

Mkono wa seremala ulipona, ukabaki na baka dogo tu. Alimwonyesha kila mtu, akikunja vidole na kuvikunjua. Alipomwonyesha Mama Zamu, Mama Zamu aliingia chumbani akalia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa rahisi. Maji tu. Maji yaleyale, bomba lilelile.

Siku yake ya kulinda bomba ilipofika, alimwona Chiriku akija na ndoo. Aliibeba kwa mkono wa kushoto. Akaipanga mwisho, nyuma ya ndoo nyingine zote, akasimama kando yake.

Mama Zamu hakuweza kuvumilia. "Njoo hapa mbele, mwanangu. Njoo uteke."

 Hakuna ambaye angepinga. Chiriku alimtazama, akaitazama foleni, kisha akatikisa kichwa.

"Mimi siungui leo, mama," alisema. "Nasubiri zamu yangu."

Kisha akamgeukia bibi aliyekuwa mbele yake, akaanza kumsimulia jambo, bila kupumua, mpaka ndoo yake ikafika bombani.