Nyuma Kweupe

Kulianza na kicheko kwenye simu ya upepo. Hajiya Lantana alikuwa ofisini, saa sita na nusu mchana, anapitia saa za mapumziko ya madereva, akasikia mwanamke akicheka kwa kifupi kwenye simu iliyokuwa mezani pake. Katika yadi ile ya malori, nje kidogo ya Kano, wengine wote waliobeba simu zile walikuwa wanaume. Mwanamke alikuwa yeye peke yake, na hakuwa amecheka.

Alikuwa mkurugenzi wa usalama. Bila saini yake hakuna trela lililotoka langoni. Madereva walimwita Hajiya Breki, tena mbele yake, wakijifanya ulimi umeteleza. Kwa miaka minne hakuna mtu aliyekufa yadini, na hilo alilithamini kuliko cheo chake.

Wiki mbili kabla, alikuwa amesaini mti wa mkwaju ukatwe. Ulisimama katikati ya yadi, ukiwaziba macho madereva waliorudi nyuma kuelekea ghalani. Tanko, mzee aliyewaelekeza madereva hao kwa mikono na filimbi, alimsihi amwite kwanza mtu wa kusoma dua, kwani wenye mti, majini wake, walikuwapo kabla ya ghala. Lantana alimjibu kwa upole kwamba mti uliokwisha kukwaruza matrela matatu hauombwi ruhusa.

Baada ya kicheko ikaja harufu. Kila adhuhuri, vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, likiwa limetanda, ghala zima lilinuka nywele mbichi zilizofungiwa mahali pasipo hewa. Wapakiaji wakaanza kunywa fura yao ya uwele na maziwa nje, juani.

Siku ya Jumanne Lantana alikuwa kwa meneja mkuu, Alhaji Shitu, simu yake ya upepo ameiacha kwenye chaji, waliposikia ukelele. Walikimbia. Tanko alikuwa amebanwa kati ya trela na ukuta wa ghala, filimbi ingali mdomoni. Alikata roho kabla hawajamtoa.

Dereva, Habu, alikuwa ameketi chini. Alimtazama Lantana kama mtoto aliyepigwa bila kosa.

"Hajiya, si wewe uliyeniambia?"

"Nimekwambia nini?"

"Rudi, Habu. Rudi tu, nyuma kweupe. Nilisita, ukanihimiza. Mara tatu."

Wenzake waliinamisha vichwa. Kila mwenye simu alikuwa ameisikia sauti hiyo, nao waliijua sauti ya Hajiya. Alhaji akaapa kwamba muda wote huo Hajiya alikuwa mbele yake, hana simu mkononi. Hapo ndipo watu walipoanza kusogea mbali na Lantana, taratibu.

Aliamuru ghala lifungwe. Alhaji alilalamika kwamba mchele wa mfungo umejaa hadi darini na wateja wanangoja. Lantana akamwambia kuwa gurudumu halitazunguka bila saini yake, na saini hatoi. Akakusanya simu zote, akatoa betri moja moja, akazifungia kabatini, akamtuma Habu kumwita Malam Sabitu, mtu wa kusoma dua.

Akabaki ofisini peke yake, na jua la saa nane likipenya kwenye vumbi akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kabatini, tulivu, yenye ile subira aliyoitumia kwa madereva wapya, ikiita majina ya madereva waliokuwa yadini na waliokuwa safarini, mmoja baada ya mwingine, ikimwambia huyu asiguse breki na yule asilale bado, naye akiziba masikio kwa viganja na kuisikia vilevile, mpaka hakujua tena kama kinachosema ni kabati au ni kinywa chake, akajishika midomo, akaikuta imefumbwa.

Malam Sabitu alifika na maji kwenye kibuyu. Alisoma juu ya kisiki cha mkwaju mpaka shati lake likalowa jasho, na Lantana nyuma yake, ushungi umemganda kichwani. Harufu ikazidi, hata Habu akatapika.

"Unataka nini kwa watu hawa?" malamu akauliza.

Sauti ya Lantana ikajibu kutoka ardhini, bila hasira yoyote.

"Yeye ana nyumba. Yangu ameikata."

Malamu akamwaga maji, akasoma tena. Kisiki kikapasuka kwa mlio mkavu. Harufu ikatoweka mara moja. Wapakiaji walimshukuru Mungu, wengine wakilia. Lakini malamu hakuonyesha furaha. Alimvuta Lantana pembeni, akashusha sauti.

"Hajiya, unakaa wapi?"

"Barabara ya Katsina. Kwa nini?"

"Hapa ametoka. Hakuniambia anakokwenda."

Lantana aliyewasimamisha kazi watu kwa sababu ya mwendo kasi aliendesha gari siku hiyo bila kutazama taa wala kibao, simu ya nyumbani ikiita bila kupokelewa. Alipokata kona ya kwao alimwona Zulai, bintiye wa miaka sita, yuko nje ya geti. Mtoto alikuwa akitembea kinyumenyume kuelekea barabarani, anatabasamu, macho yake kwenye geti, na nyuma yake malori ya mafuta yanapita kwa kasi.

"Rudi, Zulai. Rudi tu, mwanangu, nyuma kweupe."

Lantana aliruka kutoka garini, akaita, "Zulai, simama hapo!"

Mtoto akasimama. Akageuza uso huku na huko, kwenye sauti mbili za mama mmoja.

"Usimsikilize huyo," ile ya getini ikasema kwa upole. "Hatua moja tu."

Zulai akarudi hatua moja. Lantana hakuita tena. Alikimbia, akamrukia, wakaanguka pamoja kwenye changarawe, na upepo wa lori lililopita ukamvua ushungi.

Alimkumbatia. Mtoto alichungulia juu ya bega lake, kisha akamnong'oneza sikioni.

"Mama, yule anaingia ndani. Anasema hapa sasa ni kwake."

Nyuma yao, komeo la geti likafungwa kwa ndani.