Miiba Ubavuni mwa Sakaya

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, kule Oldonyo Sambu, nyuma ya Mlima Meru. Kila asubuhi Namnyaki alikamua ng'ombe. Mumewe, Sakaya, alikaa mlangoni akiota jua, na mbwa wao alilala miguuni pake.

Sakaya alikuwa mgonjwa. Nyati alimpiga pembe tumboni, utumbo ukatoboka. Daktari wa hospitali mjini aliutoa utumbo nje kidogo, ubavuni, ili choo kipitie hapo mpaka ndani papone. Sakaya aliona aibu kubwa. Choo kilitoka bila ruhusa yake, tena kwa sauti. Watu wakinyamaza, ubavu uliguna wenyewe. Mama yake, Soila, alisema ni yule nyati anaongea.

Baada ya miezi kadhaa daktari aliurudisha utumbo ndani, akaushona. Ngozi ya juu aliiacha wazi kidogo, akaweka kitambaa safi.

"Usiifunge," alisema. "Kila siku dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, aisafishe."

Sakaya aliitikia kwa kichwa tu. Alitaka kwenda nyumbani.

Nyumbani alifunua kitambaa. Shimo jekundu, lenye unyevu, lilimtazama.

"Wamesahau kunishona," alisema.

"Hawakusahau," Soila alijibu. "Wamemwachia nyati mlango."

Alasiri ile ukungu ulishuka mpaka bomani. Soila alichukua miiba ya mgunga, akaichomeka kwenye kingo za ngozi, akaikaza kwa uzi wa kano. Wazee walifunga hivyo majeraha ya mikuki. Namnyaki alimshika mumewe. Roho ilimwuma, lakini kumbishia mama mkwe si mchezo.

Siku ya tatu mbwa akainuka miguuni pa Sakaya. Alinusa ule ubavu, akarudi nyuma akilia. Hakumkaribia tena. Ngozi ikavimba, ikawa ya moto. Sakaya akatetemeka kwa homa.

"Baba amesimama pale zizini," alisema mchana ule, ukungu ukiwa umeshuka tena. Baba yake alikufa zamani.

Namnyaki alitazama. Aliona ukungu tu. Lakini ng'ombe wote walikuwa wamegeuza macho, wanatazama pale pale.

Namnyaki hakumwomba mtu ruhusa. Alikimbia zahanati, akarudi na dresa, Manase.

"Shikamoo, mama," Manase alimsalimu Soila.

"Marahaba. Usiifungue, mwanangu. Nyati atatoka na roho ya Sakaya."

"Acha atoke, mama. Nipo hapa."

Manase alichemsha maji na koleo, akanawa mikono kwa sabuni, akatoa miiba. Usaha ukabubujika. Harufu yake iliwafukuza hata kuku.

"Nyati wenu ndiye huyu," alisema. "Hapa palikuwa njia ya choo. Vijidudu vya choo hubaki hata pakioshwa. Ukifunga juu, unavifungia ndani. Vinaozesha nyama, vinaingia kwenye damu, vinaua. Daktari aliacha wazi makusudi. Uchafu utoke, nyama ijae kutoka chini, halafu ngozi itajifunga yenyewe."

"Mbona waliochomwa mikuki walipona?" Soila aliuliza.

"Wengine walipona, mama. Wengine mliwazika."

Soila alikaa chini.

"Baba yake Sakaya," alisema polepole, "alikufa na miiba yangu mwilini."

Huko nje ng'ombe mmoja alilia.

Sakaya alibebwa kwa machela mpaka hospitali, akachomwa sindano za penisilini. Aliporudi, Namnyaki ndiye aliyemsafisha. Alinawa kwanza. Alitumia maji yaliyochemshwa na kupoa, na vitambaa vilivyochemshwa na kuanikwa juani. Hakupaka majivu wala samli. Manase alipita kumwangalia.

"Ukiona homa, uvimbe, harufu mbaya, au choo kikitoka hapa," alimwambia, "usingoje. Mlete mbio."

Shimo lilijaa polepole, likabaki kovu. Siku moja mbwa alinusa ubavu ule, akajilaza miguuni pa Sakaya kama zamani.

Soila aliona. Alisogea, akaweka sikio kwenye tumbo la mwanawe. Tumbo likanguruma.

"Ni nani?" Soila alinong'ona.

"Ni njaa, mama," Sakaya alisema. "Loshoro iko wapi?"

Soila alicheka mpaka machozi yakamtoka. Aliinuka mwenyewe kuleta kibuyu cha mahindi na maziwa mgando. Alipopita zizini alisimama kidogo, akatazama mahali pale Sakaya alipomwona baba yake. Ng'ombe walikuwa wanakula majani yao.