Seli Zilizokosa Hewa

Kila asubuhi kabla ya shule, Insyirah na mama yake walishuka kwa lifti hadi kwenye vibanda vya chakula vya mtaa wao wa Clementi. Mama alikula wali wake wa nazi na dagaa huku akiangalia saa, kwa sababu seli, yaani chembe hai, alizozifuga maabara hazikujua kusubiri. Mama huyo, Dokta Rohaizah, alikuwa mtafiti katika kampuni iliyokuwa ikitafuta tiba mpya ya saratani ya damu. Yeye na wenzake walichukua chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili, wakazifundisha kuitambua saratani na kuiua.

Zamani Insyirah aliisimulia kazi hiyo kwa kila aliyetaka kusikia, na kwa wasiotaka pia. Siku hizi hakutaka hata kuitaja. Kampuni ilikuwa na timu mbili, ya mama na ya Dokta Teo, kila moja na njia yake ya kuzifundisha seli, na njia iliyochaguliwa ilikuwa ya Dokta Teo. Ubaya zaidi, Kai Wen, mtoto wa Dokta Teo, alisoma darasa moja na Insyirah, tena alikaa dawati la mbele yake. Kukiona kisogo chake tu kulitosha kumharibia siku.

Wakati wa mapumziko Kai Wen alianza tena, mdomo umejaa tambi.

"Bosi mwenyewe amempa baba mkono. Baba anasema wagonjwa wataipata tiba yake mapema kuliko—"

"Baba, baba, baba!" Insyirah alimkatiza. "Sisi wengine tumeokotwa?"

"Sema tu una kijicho."

"Kijicho kwa lipi? Tiba yenyewe haifanyi kazi! Mama ameijaribu, seli zote zimekufa. Umeumbuka!"

Meza nzima ilimgeukia Kai Wen. Kai Wen aliweka vijiti vyake chini, akaacha tambi zipoe. Insyirah alimaliza chakula chake chote, akakiona kitamu ajabu.

Hakuwa amelizua jambo hilo. Katika kampuni ile kulikuwa na desturi: jaribio la timu moja haliaminiwi mpaka mtu wa timu nyingine alirudie kwa mikono yake. Aliyepewa kulirudia la Dokta Teo alikuwa Dokta Rohaizah. Jana yake jioni Insyirah alimsikia akimwambia mtu kwenye simu kwamba seli zimekufa, na baada ya simu akamsikia akiimba jikoni. Ripoti ya kushindwa huko ikishapelekwa, njia ya Dokta Teo ingetupwa.

Lakini ulimi hauna mfupa. Jioni hiyo mama alivua viatu mlangoni, akabaki amesimama palepale.

"Insyirah!"

"Abee, Mak," Insyirah alimwitikia mama yake.

"Dokta Teo amenifuata maabara. Mwanawe amempigia simu analia. Siri za kazini kwangu zimefikaje kwenye meza za shule?"

"Lakini ni kweli, Mak! Na yule mtoto anavyojidai! Baba yake alikufokea?"

"Heri angenifokea. Ameniuliza swali moja tu: 'Rohaizah, ulitafuta zimekufa kwa nini?' Sikuwa nimetafuta."

Mama aliketi, mkoba bado begani.

"Seli zangu zikifa, mwanangu, sili wala silali mpaka nijue sababu. Zake zilipokufa nilifunga mlango nikaenda kunywa kahawa. Leo ndipo niliporudi kutazama. Hata zile za kulinganisha, ambazo hazikufundishwa chochote, zilikuwa zimekufa. Mwanafunzi angeliona hilo, mimi sikuliona. Chupa zile tunazilegeza vifuniko kidogo kabla ya kuziingiza kwenye kabati la joto, ili hewa ipite. Mimi nilivikaza vyote. Seli zilikosa hewa. Niliziua mimi."

Insyirah alifikiri kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kuna mtu aliyekuona?"

"Hakuna."

"Basi si unyamaze tu? Wataichagua njia yako."

Mama alishusha mkoba begani. Hakukasirika.

"Wazo hilo nimepanda nalo treni, nikashuka nalo. Unajua kilichonitisha? Jana niliimba. Tiba ya saratani imeshindwa, watu wamelala wodini wanaisubiri, na mimi naimba!"

Insyirah alikumbuka jinsi chakula cha mchana kilivyokuwa kitamu, akaona aibu mpaka machozi yakamtoka.

Kesho yake Dokta Rohaizah alisimama mbele ya timu zote mbili akaeleza kosa lake, na akaomba kulirudia jaribio. Alikaripiwa na mkuu wake, akavumilia. Shuleni, Insyirah alisimama kwenye meza ileile, mbele ya watoto walewale.

"Tiba ya baba yake Kai Wen haikushindwa," alisema. "Kosa lilikuwa letu. Mimi nilitangaza imeshindwa kwa sababu namwonea Kai Wen wivu. Nisamehe, Kai Wen."

Kai Wen alikuna kichwa. "Si ungekubali tangu jana nilipokwambia una kijicho!" Kisha akasogea, akampisha kwenye benchi. "Na mimi nitapunguza kumtaja baba."

"Utaweza?"

"Nimesema nitapunguza."

Safari hii seli za jaribio ziliishi, zikaishambulia saratani kama Dokta Teo alivyosema. Siku Dokta Rohaizah aliposaini ripoti, alirudi nyumbani, akajimiminia chai.

"Mak," Insyirah alimuuliza, "bado unamwonea wivu Dokta Teo?"

"Namwonea! Leo nimempa mkono wa pongezi, na roho ikaniuma palepale." Mama alicheka, kisha akaacha kucheka. "Wivu huja bila kualikwa, mwanangu, na ukija si kosa lako. Ila jiulize unakufanya ufurahie nini. Ukijikuta unafurahia jambo la kumwumiza mwenzako, usiufuate, maana hapo hata macho yako hayatakwambia kweli. Mgonjwa hatauliza tiba ni ya Teo au ya Rohaizah. Atauliza kama atapona."