Chumba cha Kijani cha Zahoro

Kuta tatu zilikauka. Ukuta wa kichwani mwa kitanda ulibaki mbichi mpaka Ijumaa, nao ulinuka ubani, na hakuna aliyefukiza.

Zahoro, fundi rangi wa Kisarawe, alijisemea kuwa chokaa ilizidi maji. Enzi hizo za Mwingereza alipaka nyumba za wakubwa, na sebuleni kwa bwana shauri, mkuu wa wilaya, aliona kijani laini, kama jani la mgomba linapofunguka, kikamkaa rohoni. Mkewe, Mwanaasha, alikuwa mjamzito. Mimba za nyuma zote zilitoka. Akaona ampambie chumba apate utulivu, akakoroga chokaa na unga wa kijani, akapaka.

Mama mkwe, Mwanamvua, alipofika kutoka Kurui alisimama kizingitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakwambia kijani?"

"Rangi tu, mama. Au ulitaka nipake masizi ya jikoni?"

"Usinifanyie mzaha, baba. Kijani ni nguo ya yule wa ukoo wetu. Mama yangu alikuwa naye, mimi ninaye. Akitundikiwa kitambaa chake tu, anakuja kukaa. Wewe umemtundikia chumba kizima."

"Mimi nimehitimu chuo cha Kurani, mama. Jini anayeogopa Kurani atafuata chokaa?"

Kurani ni haki. Kilichomponza ni kiburi, na wengi wetu tumo humo, Mungu atusamehe.

Kesho yake adhuhuri, jua la utosi, Zahoro alisikia mkewe anacheka peke yake. Akachungulia. Mwanaasha alikuwa amepiga magoti kitandani, analamba ukuta. Wajawazito hula udongo, hilo si ajabu. Lakini ulimi ule ulikuwa mrefu kuliko ulimi wa mtu, ukipanda ukishuka polepole, na kila ulipopita ukuta ulitoa jasho, na harufu ya ubani ikageuka harufu ya kaburi lililofukuliwa, na tumbo lake likacheza kwa mkono uliokuwa ukisukuma kutoka ndani.

"Mwanaasha," akanong'ona.

"Shhh. Utamwamsha."

"Nani?"

"Mwenye chumba."

Mwanamvua alifukiza, akanyunyiza marashi, akamsihi jini. Sauti nzito ikatoka kinywani mwa binti yake: "Nimeitwa, nimekaa. Nichague chumba au mtoto? Anijibu aliyepaka."

"Sema, baba," Mwanamvua akanong'ona. "Kwa ulimi ule ule wa mzaha."

Zahoro alilia. "Chumba ni chako, bwana. Karibu. Niachie mwanangu."

Mwanaasha akaanguka, akalala kama mtoto. Jioni ile wakahamia Kurui, nyumba ya udongo isiyopakwa kitu, na huko akajifungua salama mtoto wa kiume, wakamwita Matano. Zahoro alisujudu, akatubu.

Arobaini ilipokwisha akarudi Kisarawe kuchukua vyombo vyake vya kazi. Asubuhi ile alikuwa amemwacha Mwanaasha Kurui, barazani, ananyonyesha. Alipoingia uani, mtoto akalia mle chumbani, kilio cha kukwaruza, kile kile cha Matano.

"Baba Matano," Mwanaasha akaita kutoka ndani, sauti imechoka. "Mbona ulituacha? Yule uliyeondoka naye ni nani?"

Zahoro akashika mlango, asijue aufungue au akimbilie Kurui.