Mgeni Aliyejibu Maswali Yote

Jumatatu asubuhi, katika redio ndogo ya Manundu, Korogwe, Frank aliwasha skrini akakuta simulizi zote za wazee wa Handeni zimefutwa kwenye seva. Nakala nyingine haikuwepo. Aliyefuta alitumia akaunti mpya, "mgeni", iliyoundwa kwa amri za skrini nyeusi.

"Amri hizo anazijua nani?" aliuliza Sajenti Maryamu, polisi aliyeitwa.

"Fundi wetu Frank," alisema meneja, Mama Catherine. "Mchukue tu, afande."

"Na nywila kuu?"

Frank alionyesha ukutani. Ilibandikwa juu ya birika. Mwizi alibakiza kukaribishwa chai tu.

Nyuma ya Frank ndipo ilipokuwa meza ya Mwalimu Dunstan, mstaafu anayetangaza kipindi cha mila. Alikuwa amesimama, koti amelifunga vifungo vyote.

"Hebu tengeneza akaunti nione," Maryamu alimwambia Frank.

Frank akaandika adduser, amri ya kuunda akaunti, na jina. Mashine ikauliza jina kamili, namba ya chumba, simu ya kazini, simu ya nyumbani. Frank akabonyeza kitufe cha Enta mfululizo bila kuandika kitu.

"Mbona hujibu? Umelelewa wapi?"

"Hayo hayajibiwi, afande. Ni kama salamu za barabarani, unapita tu."

"Fungua ya mgeni."

Mgeni alikuwa amejibu yote. Maryamu akaipigia namba ya simu ya nyumbani. Koti la Mwalimu likaita.

Mzee akatoa kisimu cha batani. "Ni cha marehemu mke wangu, Josefina. Nakichaji kila siku."

"Shikamoo, Mwalimu," Frank alisema taratibu. "Ukaandika namba ya kweli?"

"Nimefundisha maisha yangu yote kwamba swali haliachwi wazi. Jina nilidanganya, ionekane mtu wa nje. Nilipofika simu ya nyumbani, mkono ukaandika nyumbani."

Josefina alikuwa mmoja wa wasimulizi wale wa Handeni. Redio ilikata kicheko chake ikakiweka kwenye tangazo la sabuni.

"Nilimwomba meneja akiondoe. Akasema wateja wanakipenda. Nikaona nimrudishe kwangu. Nilikuwa namwona Frank akiwafungulia wanafunzi akaunti, nikaiga. Nikahamishia sauti kwenye flashi, kwenye seva nikafuta."

Frank akaichomeka flashi ya Mwalimu kwenye kompyuta.

"Mwalimu, imejaa nyimbo za kwaya. Hakuna kilichoingia."

Mzee akakaa.

"Ungeniambia," alisema Frank. "Kunakili ni amri moja."

"Nilikuona mtoto."

Mama Catherine alitazama birika. Kompyuta ya studio inayorusha matangazo, ambayo haikuguswa, ikafikia tangazo la sabuni. Josefina akacheka.

Frank akanyoosha mkono apunguze sauti.

"Acha," alisema Mwalimu. "Ongeza kidogo."