Kiganja Chini ya Praima

Alama ya kwanza, fundi rangi Msasa alidhani ni uzembe wake mwenyewe, akajitukana kwa sauti. Asubuhi nzima alikuwa akihangaika na mlango wa lori dogo, alumini tupu. Aliubandua rangi ya zamani, akaupiga msasa laini mpaka mng'ao ukafifia, akaupangusa kwa tina ya kuondoa mafuta na kitambaa safi, halafu kitambaa kingine. Ukishafika hapo huugusi kwa mkono mtupu hata kama unaanguka. Mafuta ya kidole huyaoni, lakini praima, ile rangi ya kwanza ya kushikishia nyingine, inayaona, na yalipo haishiki. Wala huna muda wa kupiga soga, maana alumini ikiachwa wazi hujivika ngozi upya na rangi ikaikataa. Haya yote Msasa aliyajua, na glavu alikuwa amevaa.

Praima ilipokauka, katikati ya mlango palikuwa na kiganja cha mtu.

"Nani kashika kazi yangu?" alifoka.

"Uko peke yako humo tangu asubuhi," Bosi alimjibu kutoka ofisini. "Labda umejishika mwenyewe."

Akaukwangua, akaanza upya. Mara ya pili kiganja kilijitokeza wazi zaidi, na Msasa akavihesabu vidole akiwa amesimama, kisha akavihesabu tena akiwa amekaa. Vilikuwa vinne. Kidole kidogo hakikuwepo.

Mtu wa vidole vinne pale gereji alikuwa mmoja tu: shemeji yake, mume wa dada yake, fundi rangi mwenzake. Mashine ya kukatia ilimnyang'anya kidole, na wenzake wasio na huruma wakambatiza jina la Kidole. Huyo Kidole alizikwa miezi miwili iliyopita. Mapafu, alisema daktari. Praima ile ina asidi, na ukiipuliza kwenye chumba kilichofungwa bila vichujio vizima kwenye barakoa, ni sawa na kujipulizia kifuani. Gereji nzima ilisema marehemu alikuwa mzembe, na Msasa alilisema kwa sauti kuliko wote.

Alikuwa na sababu. Asubuhi ya siku ile Kidole alipougua, vichujio vya Msasa vilikuwa vimekufa, vipya havijaletwa. Kidole alipokwenda kunywa chai, Msasa alifungua vichujio vizuri vya shemeji yake akajifungia yeye, akamwachia vile vilivyokufa. Siku moja tu, alijiambia. Mchana Kidole alitoa kichwa nje ya chumba cha kupulizia, macho yakimtiririka. "Shemeji, leo praima inanuka mno." Msasa akacheka. "Pua zako zinadeka. Maliza kazi."

Basi Bosi, kwa kuona lori linakawia, alimleta mganga. Mzee yule aliunusa mlango kama mtu anayenusa maziwa ya jana, akarudi nyuma.

"Jini mpita njia ningemtoa," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hakupotea njia. Amekuja kudai haki yake, na mwenye haki mimi simfukuzi. Aliyemdhulumu aende kwa mjane akaseme kwa kinywa chake, kabla mlango huu haujapakwa tena."

Alisema akimtazama Bosi, lakini aliyelowa jasho ni Msasa.

Siku ya pili, saa saba mchana, dada yake alikuja na chakula kama kawaida. Tangu afiwe alikuwa akileta bakuli moja. Siku hiyo alileta mawili.

"La pili la nani?" Msasa aliuliza.

"La mume wangu. Lifungue, kaka."

Ndani mlikuwa na barakoa ya Kidole, ile aliyokabidhiwa mjane pamoja na nguo zake. Kila fundi huandika tarehe ya kufungua vichujio vyake, kwa kalamu ya wino, ubavuni. Dada aligusa tarehe ile kwa ncha ya kidole.

"Hii saba umeikata katikati kwa kamstari. Nyumbani kwetu ni wewe tu unayeikata hivi. Ananijia usingizini, hasemi kitu, ananionyesha hapa tu. Niambie, kaka. Nitakusikiliza."

Neno lilimfika Msasa kwenye ulimi. Angelisema, angepona. Lakini aliona aibu, na aibu ikamshinda nguvu.

"Tarehe zinafanana," alisema. "Niache, mlango nimeshaupangusa, haungoji."

Akakimbilia chumba cha kupulizia, akafunga, akavaa barakoa yake, na alipovuta pumzi ya kwanza baada ya kubonyeza bunduki ya rangi harufu kali ikampiga kooni, akaivua aitazame, na ubavuni mwa vichujio akakuta mwandiko wake, ile saba iliyokatwa, vichujio vile vile vilivyokufa alivyoviacha ndani ya bakuli dakika moja iliyopita, na hapo feni ikanyamaza, na bunduki ikawa imeanguka chini lakini inaendelea kupuliza bila mtu kuishika, na ukungu ukajaa, na kitasa alipokishika kilikuwa na baridi ya mkono wa mtu, mkono wenye vidole vinne, ulioukumbatia wake bila kuuachia.

Nyuma ya kioo cha mlango wa chumba alisimama dada yake, kashika bakuli huku na bakuli huku. Mlango hakuushika yeye.

"Nifungulie!" Msasa alilia. "Ni mimi! Nilivibadilisha mimi!"

Midomo ya dada ikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya mwanamume, sauti aliyoizika kwa mikono yake.

"Pua zako zinadeka, shemeji. Maliza kazi."

Walimtoa jioni, maiti. Gereji nzima ilisema Msasa naye alikuwa mzembe, na dada yake hakubishana nao. Mlango wenyewe ulikuwa umepakwa vizuri ajabu, laini, hauna doa. Bosi aliupiga rangi ya juu, akamkabidhi mwenye lori.

Baada ya wiki mbili lori lilirudishwa. Rangi ilikuwa imevimba katikati ya mlango kwa umbo la kiganja, vidole vikiwa vimekunjwa kwa kukwaruza. Bosi alivihesabu. Safari hii vilikuwa vitano, na vilikuwa vinasukuma kutoka ndani.