Neno Lililorudi Magara

Enzi za Wadachi, wanawake wa Magara, kando ya Ziwa Tanganyika, walianika ndagala, dagaa wa ziwa hilo, mchangani, na maneno wakayaanika papo hapo. Mchuuzi hakuondoka na kapu tupu, wala sikio tupu.

Mwaka huo malale iliingia pwani. Watu walisinzia mchana, wakakonda, wakafa. Asubuhi moja Mwanvua, muuza ndagala, alimkuta binti yake Aziza ana homa. Alipompapasa shingoni, alikuta tezi zimevimba. Ilikuwa dalili ya malale.

Kambi ya dawa ilikuwa mwendo wa nusu siku. Lakini rafiki yake aitwaye Sikujua alikuwa ameshamwonya.

"Usimupeleke mutoto kule. Watu saba bamekufa na sindano. Hata Athumani wa hapa Magara iko kaburini. Kule pwani ya Kabonga bote banajua."

Basi Mwanvua alimficha Aziza kwenye matete ya mtoni, wapima shingo wa kambi, waliotafuta wagonjwa, wasimwone. Kila siku alimpelekea uji. Kila siku nzi wakubwa waliwauma wote wawili. Aliogopa sindano, nzi hakuwajali.

Siku ya nne, jirani yao Hamissi aliwakuta. Kazi yake ilikuwa kufyeka vichaka vya pwani.

"Shemeji, unaficha mutoto kwa mbung'o? Hao nzi ndio banaleta malale. Ndiyo maana tunafyeka."

"Naogopa kambi. Watu saba bamekufa."

"Nani aliwaona?"

"Rafiki yangu Sikujua alisikia kule Kabonga."

"Na Kabonga banasikia kwa nani?"

"Kwa Zena, mchuuzi wa Kigwena. Na Zena..."

Mwanvua akakumbuka. Zena alikuwa mnunuzi wake. Mwezi uliopita, akimpimia ndagala, Mwanvua mwenyewe alimwambia: "Athumani alienda kambini, hajarudi. Labda amekufa." Neno hilo lilishuka pwani, kila mwalo wa wavuvi ukaliongezea maiti, likamrudia na makaburi saba.

"Athumani iko hai," Hamissi alisema. "Juzi nilikula naye kambini. Dawa inataka majuma mengi. Sikufichi, shemeji, si wote banapona. Lakini anayechelewa anajipunguzia bahati. Twende leo."

Aibu ilimchoma Mwanvua kuliko nzi. Akambeba mwanawe.

Damu ya Aziza ilipotazamwa, ugonjwa ulikuwamo, ila ulikuwa bado mchanga. Kwa miezi minne, kila sindano ilipoingia, mama alifumba macho. Mwishowe Aziza akarudi mwembamba, lakini mchana kutwa alikuwa macho.

Juma lile Mwanvua hakuanika ndagala. Alimshika binti yake mkono, wakaenda mwalo kwa mwalo, wakapita Rumonge. Uongo ulisafiri kwa mtumbwi. Yeye aliufuata kwa miguu.

"Ni mimi nilisema nisichokijua," aliwaambia watu. "Mutoto wangu huyu. Mushikeni."

Wakamshika, wakamtazama macho.

Walipofika Kigwena, mwanamke mmoja aitwaye Kulthumu hakumshika. Aliingia nyuma ya michikichi, akatoka na mwanawe mgongoni. Mtoto alikuwa akisinzia, na jua liko utosini.

"Njia ya kambi iko wapi?" aliuliza.

Mwanvua hakumwelekeza kwa kidole. Alitangulia mbele.